Nifungie Mtungi

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii nimeifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini katika shule za hapa Uganda. Nimeieleza ubaoni, nimeitungia maswali ya mtihani na nimesahihisha majibu yake kwa wino mwekundu. Hata hivyo, sikuwahi kuionja maana yake mpaka likizo ya Desemba mwaka 2024, nilipokuwa chini ya Bahari ya Hindi, mita sita kutoka usoni mwa maji, nikavuta pumzi na pumzi isije. Naomba walimu wenzangu mniwie radhi kwa kuanzia karibu na mwisho wa kisa. Sasa nitakirudisha mwanzoni.

Miaka kumi na miwili kabla ya siku hiyo niliumia uti wa mgongo katika ajali ya basi, na daktari akanikataza kubeba mizigo mgongoni. Kuogelea hakunikataza, bali alinihimiza. Basi mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye siku hizi ni mkufunzi wa kupiga mbizi huko Diani, kusini mwa Mombasa, aliponialika nikamtembelee, nilimjibu kwa mzaha kwamba mtu mwenye mgongo kama wangu atatazama bahari kutoka ufukoni tu. Akaniambia, "Mwalimu, mtungi wa hewa huvaliwa kwa njia zaidi ya moja. Wewe njoo na barua ya daktari, mengine niachie mimi." Daktari alinipima, akaandika barua, nami nikapanda basi.

Wengi wetu tumezoea kuona katika picha mpiga mbizi aliyechukua mtungi mgongoni kama mama aliyebeba mtoto. Katika njia aliyonifundisha kijana wangu, mitungi ni miwili, nayo hulazwa ubavuni, mmoja kulia na mmoja kushoto, kuanzia kwapani hadi nyongani. Tena mtu aweza kuivaa akiwa amekwisha ingia majini, ambamo uzito wake haumlemei. Chimbuko la njia hii ni mapango ya Uingereza. Katika pango la Wookey Hole, jimboni Somerset, watu walianza kupiga mbizi kwa vyombo vya kupumulia mwaka 1935. Kufikia miaka ya 1960, wapiga mbizi wa mapango ya nchi hiyo walikuwa wakichukua mitungi ubavuni, kwa kuwa mwenye mtungi mgongoni hapenyi katika njia nyembamba za mwambani. Baadaye wenzao wa Florida, Marekani, waliiendeleza njia hiyo, wakaipandisha mitungi mpaka kwapani. Leo hutumiwa hata katika bahari wazi, na wenye migongo mibovu tumeipokea kwa shukrani.

Siku mbili za kwanza hatukwenda mbali. Tulisimama katika maji ya kifuani, ndani ya mwamba unaokinga ufuko ule na mawimbi, tukirekebisha vifaa tu. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Kwanza ilikuwa mikanda: miwili ya mabegani, mmoja wa kiunoni na mmoja unaopita katikati ya miguu ili vazi lisipande shingoni. Kisha ilikuwa kamba ya mpira inayotoka mgongoni, ikapita chini ya kwapa na kuishika shingo ya mtungi. Kamba hiyo ikilegea, shingo ya mtungi huning'inia chini ya kifua. Ikikazwa kupita kiasi, kuuweka mtungi mahali pake ni mieleka. Upande wa chini, mtungi una kulabu iliyofungwa kwa ukanda, nayo hunaswa katika pete ya chuma iliyopo kiunoni. Hapo nako pana hesabu yake. Mtungi wa alumini wa lita 11, ukijazwa hadi baa 200, huwa na lita 2,200 za hewa, na hewa hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo mbili na nusu. Kadiri mtu anavyoivuta, mtungi huwa mwepesi na kitako chake huinuka kuelekea juu. Ndipo mpiga mbizi huihamisha kulabu kutoka pete ya nyuma mpaka pete ya mbele, mtungi ukarudi sambamba na mwili.

Kijana wangu alikuwa na daftari. Kila mara alibadili jambo moja tu, akaniagiza nielee tuli kama jani, akanitazama kutoka ubavuni, kisha akaandika. Nilipomsihi abadilishe mambo matatu kwa pamoja ili tumalize, alitabasamu akasema, "Mwalimu, nikibadili matatu na mambo yakanyooka, nitajuaje ni lipi lililonyoosha?" Nilinyamaza. Niliwakumbuka wanafunzi ambao nimewahi kuwasahihishia makosa kumi katika insha moja kwa siku moja, kisha nikashangaa kuyaona yote kumi yamerudi juma lililofuata.

Ipo sifa nyingine ya mitungi hii ambayo hapana budi niieleze, maana ndiyo iliyoniokoa. Kila mtungi unajitegemea. Una vali yake, geji yake ya kupimia hewa, na kile kidude cha kutia mdomoni, ambacho hapa nitakiita kipumulio. Kipumulio cha kushoto kina mpira mfupi, nacho huning'inizwa shingoni kwa kamba laini. Cha kulia kina mpira mrefu wa kiasi cha mita mbili, ili mwenzako akiishiwa na hewa umpe hicho, mwogelee pamoja. Mtu hupumua kwa zamu: wa kushoto ukipungua kwa baa 30 hivi, huhamia wa kulia, na kadhalika, ili mitungi isipishane sana.

Siku ya tatu tulitoka kwa mashua hadi nje ya mwamba. Yalikuwa maji mafu na kaskazi ikivuma kwa upole. Baharia wetu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, mtu wa pwani hasa. Yeye aliniita Maalim, nami nikamwita Mzee wangu. Mitungi yangu tuliifungua vali na kuipima tukiwa mashuani, kisha yeye akaiteremsha majini, kila mmoja umening'inia kwa kamba yake ubavuni mwa mashua. Niliuvaa wa kushoto. Nilipokuwa nikihangaika na kulabu yake, wimbi dogo likaipiga mashua, na mtungi wa kulia ukaanza kuyumbayumba. Nikachelea kwamba kamba yake itachomoka na mtungi uzame. Nikapaza sauti, "Mzee wangu, nifungie mtungi wa kulia!"

Mzee akainama, mkono wake ukaingia majini. Akasema, "Tayari, Maalim."

Nikashukuru, nikauvaa mtungi wa kulia, tukashuka. Kanuni ilikuwa kwamba mtu akiisha kuvaa mitungi yote miwili avute pumzi kadhaa katika kila kipumulio huku macho yake yakiitazama sindano ya geji. Kanuni hiyo niliiruka. Niliitupia jicho geji ya kulia, ikaonyesha baa 200, nikaridhika. Tulipofika mita sita, nikiwa nimetumia kipumulio cha kushoto kwa muda, nikahamia cha kulia. Pumzi ya kwanza ilikuja. Ya pili ilikuja kwa shida. Ya tatu haikuja. Niliitazama geji: sindano ilikuwa imelala kwenye sifuri. Kumbe zile baa 200 zilikuwa za hewa kidogo tu iliyonaswa ndani ya mipira, na nyuma yake palikuwa na vali iliyofungwa.

Sitajisingizia ushujaa. Moyo ulinienda mbio, na mkono wangu ulipapasa kifuani kama mkono wa mtu anayetafuta ufunguo gizani, mpaka ukakikuta kipumulio cha kushoto pale pale kilipowekwa na kamba yake. Nikakitia mdomoni, nikavuta, nikaishi. Kijana wangu alikwisha nifikia. Aliigusa vali ya kulia, akanitazama machoni, akaashiria kwa kidole gumba kwamba tupande juu.

Mashuani nilikuwa nimejaa hasira, na ilikuwa karibu nimtolee maneno mzee wa watu. Yeye alishangaa kwa dhati. "Maalim," akasema, "si wewe uliyeniambia nikufungie mtungi? Kambani ulikuwa umefungwa tangu mwanzo, kwa fundo langu mwenyewe. Ningefunga nini tena, ila vali?"

Sikuwa na jibu. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa nimetumia neno lenye maana mbili mahali pasipostahimili mbili. Kufunga ni kukaza kwa kamba, na kufunga ni kuziba njia. Yote mawili ni Kiswahili safi, na mzee alichagua ile maana iliyokuwa na mantiki zaidi machoni pake. Kosa la ulimi lilikuwa langu, na kosa la kutopima lilikuwa langu vilevile. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Akapokea kwa upole, akasema kwamba bahari imenisamehe, na yeye ni nani asinisamehe. Naye kijana wangu akaongeza la kwake: "Mwalimu, ulitufundisha kulisoma swali mara mbili kabla ya kulijibu. Geji nayo ni hivyo hivyo."

Jioni ile tuliketi watatu, tukagawana maneno. Tukakubaliana kwamba katika mashua ile vali peke yake ndiyo itakayofungwa na kufunguliwa. Kulabu itanaswa na kunasuliwa. Mikanda itakazwa na kulegezwa. Mtungi mzima utavaliwa na kuvuliwa, na ukiwa kambani utatundikwa na kutunduliwa. Tena anayeagizwa atalirudia agizo kwa sauti kabla ya kulitenda. Kesho yake tulitoka tena. Nikapima kila mtungi kwa pumzi nne, macho kwenye sindano, na mambo yakaenda salama.

Walimu wenzangu wameona bila shaka kwamba orodha yetu ya mashuani imejaa kauli ya kutendua: funga na fungua, nasa na nasua, tundika na tundua. Kauli hiyo nimeifundisha miaka yote kwa kuwapanga vitenzi ubaoni katika safu mbili, wanafunzi wakakariri. Sikuwahi kuwauliza kinachofungwa ni nini, kwa mkono wa nani, na kama msikilizaji anaweza kufahamu lingine. Nilifundisha vitenzi vilivyotengwa na vitu vyake.

Muhula ulipofunguliwa niliingia darasani na jerikeni la maji na kipande cha kamba, nikaviweka mezani pamoja na kifuniko. Niliwaita wanafunzi wawili, kila mmoja akiwa peke yake na mwenzake akingoja nje, nikawaambia neno moja tu: "Funga." Wa kwanza alitwaa kifuniko. Wa pili alitwaa kamba. Darasa likacheka, kisha likaanza kubishana ni nani aliyekosea, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha somo lile sikuhitaji kumwamsha mtu yeyote. Niliwaacha wabishane mpaka kengele ikalia. Ubaoni hapakuwa na safu hata moja.