Gari la Kwenda Ukweni

Wanaume wengi ninaowafahamu wananunua gari kama wanavyonunua suti: kioo kwanza, mengine baadaye. Wangu naye yumo, na anajua naandika hivi, kwa hiyo marafiki zake wasihangaike kumpigia simu.

Mama mkwe wangu anaishi Malinyi. Ana kisukari, na kila baada ya miezi kadhaa lazima afike kliniki Ifakara. Kutoka Dar hadi Mikumi ni lami, hata Vitz inateleza tu. Shughuli inaanza ukishavuka Daraja la Magufuli juu ya mto Kilombero, lile lililofunguliwa 2018, ukafika Lupiro na kukunja kuelekea kwa mama. Kiangazi ni vumbi. Masika, jamani, bonde lote linakunywa maji, udongo mweusi unageuka sabuni, na malori ya mpunga yanachimba mifereji katikati ya barabara.

Masika ya 2024, zile mvua za El Niño, gari tulilokuwa nalo liliishia Lupiro. Nyuma limeandikwa 4WD kwa herufi za kumeremeta. Tukalala palepale. Kesho yake mama akaletwa na trekta, ameketi juu ya magunia, kitenge kimejaa tope, na kliniki imeshampita. Mume wangu alimshusha kwa mikono yake na hakusema neno mpaka Mikumi.

Tulikuwa na akiba ya kiwanja Kibaha. Tukakubaliana kiwanja kisubiri. Ubishi ulianza hapo, maana mwenzangu alishaamua kitambo: Land Cruiser, ile tunayoiita mkonga.

Nikaenda kwa fundi wetu, peke yangu, maana mbele ya mume wangu wanaume wenzake huwa wanakubali kila kitu. Akaniambia, "Shemeji, usiniulize gari gani zuri. Niulize kitu gani mimi siwezi kukuongezea."

Maneno hayo yalinisaidia kuliko magazeti yote ya magari. Matairi yenye kashata kubwa utanunua mtaani. Kamba ya kuvutia, koleo, hata ule mkonga wa kupandishia hewa juu ili injini isinywe maji, vyote fundi anafunga. Lakini chesi ya kweli, yaani ngazi ya chuma ambayo bodi imekalia juu yake, unazaliwa nayo kiwandani au huna. Vilevile gia za nguvu, zile za 4L. Ukiziweka, gari linatambaa kama kinyonga lakini linavuta kwelikweli, bila wewe kukanyaga mafuta kwa hasira. Gari letu la zamani halikuwa na chesi wala 4L. Lilitengenezwa kwa ajili ya lami iliyolowa na theluji ya huko kwa wenzetu.

La tatu ni kufuli ya difu. Difu ya kawaida ina tabia mbaya: tairi moja likining'inia hewani, nguvu zote zinakimbilia hukohuko, na lile lililokanyaga ardhi linakaa kimya kama mgeni. Ukifunga difu, yote mawili yanazunguka pamoja. Mkonga zingine zinatoka nayo kiwandani mbele na nyuma, zingine hazina, kwa hiyo tafuta swichi yake kabla hujatoa hela.

Sasa, mkonga ni gari. Sibishi. Toyota wanaitengeneza tangu 1984, na ile injini yake ya dizeli ya lita 4.2, isiyo na taboo, kila fundi wa wilayani anaijua kwa kuisikiliza tu. Ila bei yake iliyotumika na nzima, unapaua nyumba! Tukapiga hesabu usiku mzima, ikatushinda. Akahamia Defender. Ya zamani, iliyokoma kutengenezwa 2016, ina roho ngumu, lakini mgongo wangu una maoni yake. Mpya yenye springi za upepo inavuka maji ya sentimita 90, nzuri sana, ila ina kompyuta kila kona, na sitaki kufikiria ikigoma pale Lupiro saa moja usiku.

Mimi nikataja Suzuki Jimny. Akacheka mpaka akakaa chini. "Hicho kigari cha kwendea saluni?"

Ndiyo, hichohicho. Kina chesi ya ngazi, kina 4L, eksili ngumu mbele na nyuma kama wakubwa, na kina uzito wa kilo 1,100 hivi wakati mkonga inazidi 2,000. Kwenye tope uzito ni kila kitu: kizito kinazama, chepesi kinapita juu. Na kikikwama, wanaume wanne wa kijijini wanakisukuma. Ubaya wake nimeuona. Kile cha kuanzia 1998 hadi 2018, tulichokimudu, hakina kufuli ya difu. Ni chembamba, kwa hiyo mifereji ya malori ukiingia vibaya unakalia tumbo. Lami ndefu kinachosha, kelele tupu. Na ukirudi kwenye lami kavu lazima utoe 4WD, la sivyo mbele na nyuma zinavutana na kitu cha bei kinavunjika.

Tumekinunua. Kwa wiki mbili mume wangu alikiegesha nyuma ya nyumba, majirani wasione. Masika yaliyofuata tulikiendesha kwa zamu, tairi moja baada ya jingine nikichagua matuta badala ya mifereji, yeye akitangulia kwa miguu na fimbo kupima maji. Mama alifika Ifakara saa tatu asubuhi, kitenge kikavu. Viti ni vinne tu: mama anakaa mbele, mimi nakunjwa nyuma na mtoto na ndoo ya samaki, na yeye mwenye miguu mirefu anaendesha huku magoti yakigusa usukani. Bado anaangalia mkonga zikipita. Namwacha aangalie.