Gari Lilipotuacha Luvungi

Msomaji mpendwa, wewe unayesoma ukurasa huu kwenye kambi ya dhahabu au ya kasiterite, leo nataka nikusimulie jambo lililonipata safarini. Si jambo kubwa. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeponywa. Gari liliharibika tu. Lakini tangu siku ile swali moja linanifuata, na ningependa likufuate na wewe.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 2012. Nilikuwa nimetoka shule ya Biblia miaka michache kabla, nikichunga kanisa dogo pale Kamituga. Vijana wa Uvira waliniita niwahubirie siku ya Jumapili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kualikwa mbali namna ile, na ninaungama kwenu kwamba nilijisikia mtu mkubwa. Suti ilikuwa ndani ya sanduku, na viatu nilivipaka dawa mara mbili.

Jumamosi asubuhi tukatoka Bukavu ndani ya taksibisi, tumebanana kama ndagala. Wanaoijua njia ile wanajua mteremko wa Ngomo: barabara inajikunja ubavuni mwa mlima, na kila kona abiria wote wanakuwa wacha Mungu. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika karibu mita 770. Mto Ruzizi unashuka tofauti hiyo yote, na sisi pia tulikuwa tunashuka. Ukifika Kamanyola unavua koti. Ukifika Luvungi unatafuta kivuli.

Hapo Luvungi gari likazimika. Shofere akaingia chini yake, akatoka na mafuta mpaka kwenye nyusi. "Ambreyaji imekufa," akasema. "Leo haitembee." Akapanda pikipiki, akarudi Bukavu kutafuta kipande. Wenye pesa nao wakapanda pikipiki kuelekea Uvira. Mimi mfukoni nilikuwa na franka 4,000 tu. Tena miaka ile, jua likizama katika bonde la Ruzizi, mtu mwenye akili hakusafiri.

Basi nikakaa chini ya mwembe, juu ya sanduku langu. Ilikuwa saa nane ya mchana. Wasomaji, sijaona mji unaolala kama ule! Mbuzi walilala katikati ya barabara. Fundi wa nguo alilala juu ya mashine yake. Mama muuza nyanya alifukuza nzi bila kufungua macho. Mbali, ng'ambo ya Ruzizi, milima ya Burundi nayo ilionekana kusinzia ndani ya ukungu wa joto. Nikaanza kumnung'unikia Mungu: "Bwana, vijana wako wananingoja, na wewe umenitupa mahali pasipo kitu!"

Watoto wakasogelea gari letu. Petroli ilikuwa inadondoka kidogo, na mmoja alileta kikopo. Ghafla mzee aliyekuwa amelala ukutani akaruka na fimbo yake. "Tokeni hapo! Mumesahau Sange?" Watoto wakatawanyika. Sange iko mbele kidogo katika barabara ileile. Tarehe 2 Julai 2010 gari la mafuta lilipinduka pale, watu wakaja kuchota, moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Mzee akarudi kukaa, lakini mikono yake ilitetemeka.

Nikaona kwamba nilikosea. Bonde lile liliona uasi wa mwaka 1964, likaona vita ya 1996, likaona moto wa Sange. Nilidhani mji umelala, kumbe ulikuwa unapumzika.

Jua lilipoanza kuzama, yule mama wa nyanya akanijia. "Papa, weye ni mutumishi wa Mungu?" Nikashangaa amejuaje. Akaonyesha Biblia kwapani mwangu. "Ingia mu nyumba. Mugeni halalake inje."

Alikuwa mjane. Akanipa bugali wa muhogo, sombe na ndagala chache, na niliona kwamba watoto walipewa sombe bila ndagala. Nikaona haya, lakini nilikula. Kisha akaniuliza nimetoka wapi.

"Kamituga, mama."

Akaweka sahani chini. "Mutoto wangu wa pili alienda kule kuchimba. Huu ni mwaka wa ine. Telefone yake haipatikane tena." Akanitajia jina lake, akasema ana kovu juu ya jicho la kushoto. Sikulijua jina lile. Akaendelea: "Sijue nani anamupatiaka chakula. Kwa hiyo kila mutu gari yake inakufia hapa, miye namupa. Pengine kule kuna mama anamupa wangu."

Msomaji, chakula kilinikwama kooni. Maana nilikumbuka usiku mmoja, majira ya mvua yaliyotangulia, pale Kamituga. Kijana alibisha kwenye mlango wa kanisa. Alikuwa amelowa, miguu imejaa matope ya shimoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa bonde. Aliomba alale juu ya benchi mpaka asubuhi. Juma lile tulikuwa tumeibiwa taa mbili. Nikamwambia kanisa si hoteli. Akajibu, "Ndiyo, Pasta," akaenda zake ndani ya mvua. Nilikuwa na taa mkononi. Sikuiinua nimwone uso. Sikumuuliza jina.

Usiku ule mama alinilaza kwenye kitanda cha mtoto wake. Je, unafikiri nililala?

Asubuhi nilimwambia yote. Nilisimama mlangoni kama mtoto wa shule aliyekosa. Alinyamaza muda mrefu, akichochea moto. Nilitamani anitukane. Mwishoni akasema, "Sijue kama ni wangu. Lakini alikuwa mutoto wa mutu." Kisha: "Pasta, ukifika kule, fungua mulango." Akanifungia maembe matatu ndani ya kitambaa kwa ajili ya njia.

Kipande kilifika Jumapili mchana. Nilipoingia Uvira jioni, mwingine alikuwa ameshahubiri, na nilisikia alihubiri vizuri. Suti haikutoka ndani ya sanduku.

Katika shule ya Biblia tulijifunza safari za Paulo kwa ramani na tarehe. Nilijua kwamba meli yake ilivunjika, akakwama Melita miezi mitatu. Lakini nilisahau jambo la kwanza ambalo Matendo sura ya 28 inasema juu ya kisiwa kile: wenyeji waliwasha moto, wakawapokea watu wote, kwa sababu ya mvua na baridi. Hawakuuliza kwanza nani ni mtume na nani ni mfungwa.

Niliporudi Kamituga, wazee wa kanisa walikubali tuweke mikeka sita na daftari moja. Kila aliyelala aliandika jina lake, kijiji chake na jina la mama yake. Ndiyo, tuliibiwa tena, mara moja sufuria na mara moja blanketi. Hatukufunga. Na tarehe 11 Septemba 2020, mvua kali ilipoangusha machimbo ya dhahabu pale Kamituga na watu wapatao 50 wakahofiwa kufa, nilifikiri juu ya mama wote walio kando ya barabara, wasiojua mtoto wao yuko shimo gani.

Jina la mtoto wa yule mama wa Luvungi halijaingia katika daftari lile. Ningependa kukupa mwisho mzuri zaidi, lakini sina.

Kwa hiyo, kijana wangu unayechimba, kabla ya kulala leo tuma habari nyumbani. Kama hakuna mtandao, mpe shofere salamu. Usione haya kwamba hujapata dhahabu. Mama hakungojei na gramu mkononi. Na wewe, baba au mama wa nyumba, usiku mtu akibisha, inua taa umwone uso. Muulize jina.