Katuni za Kale Kabatini

Hakuna mtaa usiokuwa na mtu atunzaye kitu ambacho wenziwe wamekwisha kukitupa. Huyu ana sarafu, yule ana santuri. Mimi, nyumbani kwangu Manchira, si mbali na mji wa Mugumu, natunza kanda za video za katuni. Zipo 38, pamoja na deki moja ya kuzionyeshea.

Wageni huniuliza faida yake, na swali lao ni la haki. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Tangu hapo kifaa kikivunjika, sharti kitafutwe ndani ya deki nyingine mbovu. Kanda yenyewe ni utepe wa plastiki, upana wake milimita 12.7, uliopakwa unga wenye sumaku. Unyevu wa masika huuotesha ukungu, na vumbi la kiangazi huukwaruza. Kwa hiyo zangu husimama wima kama vitabu, mbali na spika za redio.

Baadhi zilinifikia kwa njia ya Sirari, nyingine nilizinunua Mwanza. Katika ununuzi huo yapasa kuwa na macho. Kanda ya Betamax haiingii katika deki ya VHS, na kanda ya mfumo wa Marekani, NTSC, ikitiwa katika deki ya PAL isiyoujua mfumo huo, huleta picha ya kuruka-ruka isiyo na rangi.

Ninayoithamini miongoni mwa filamu ni The Lion King, iliyotoka mwaka 1994 na kuuzwa katika kanda mwaka 1995. Sisi wa Serengeti hatukuhitaji kufasiriwa majina ya Simba, Rafiki wala Pumbaa. Marehemu baba, ambaye ujanani alilinda ng'ombe dhidi ya simba wa kweli, aliicheka mno. Aliuliza, ni mfalme gani huyu alaye funza?

Filamu hiyo ilipotolewa katika diski mwaka 2003, mamba wa wimbo mmoja walikuwa wamechorwa upya, na wimbo mwingine uliongezwa. Kanda yangu bado ina mamba wale wa kwanza. Basi kuwapo kwa nakala mpya si ushahidi kwamba ya kale imehifadhiwa.

Hata hivyo mke wangu naye ana hoja. Kabati lilinunuliwa kwa ajili ya nguo za watoto, na kuhamishia kanda katika kompyuta kunadai fedha, nayo ada ya shule haingoji. Baada ya mazungumzo marefu tumeafikiana kuhamisha saba tu mwaka huu.

Ya kwanza tuliichagua bila ubishi. Katuni ya paka na panya inapokwisha, zinafuata dakika 11 ambazo jamaa yetu mwenye kamera alizinakili humo: baba yupo barazani, akiwasimulia wajukuu jinsi simba halisi anavyonguruma. Katuni yaweza kupatikana tena sokoni. Sauti ya mzee haiuzwi popote.

Wazazi wenzangu, kabla hamjazipeleka kanda zenu jalalani, tafuteni deki, kaeni na watoto, mzitazame hadi mwisho wa utepe.