Pete za Pembe Kiunoni

Kuna watu Uingereza ambao Jumamosi hawaendi mpirani. Wanavaa sufu, wanashika mikuki, wanageuka Waanglo-Saksoni, wale waliotamba nchini humo tangu karne ya 5 mpaka Wanormani walipowachapa Hastings, 14 Oktoba 1066. Nilijiunga nao nikiwa masomoni huko, na nakwambia, msomaji, jamaa wale ni wanoko kuliko mhakiki yeyote wa ushairi.

Zipu? Hakuna. Pamba? Marufuku, wenyewe hawakuivaa. Ni sufu na kitani basi. Nyekundu ya mizizi, bluu ya majani yaliyochachushwa, njano ya mmea wa porini. Na mshono wa mkono, cherehani haramu. Mimi mtoto wa fundi wa Magomeni nilikaa wiki tatu na sindano nikishona kanzu moja ya kuishia magotini, na kila nilipojidunga nilimkumbuka mama na Singer yake.

Swali langu lilikuwa moja tu: mnajuaje? Nguo si huoza? Hapo ndipo uhondo wenyewe ulipo. Mwanamke wa karne ya 6 alizikwa na bizimu mbili mabegani, zilizoshika gauni lake. Chuma kikapata kutu, kutu ikazinywa nyuzi za nguo, ikabaki na umbo lake. Kipande kidogo kama ukucha kinakueleza uzi ulisokotwa upande gani! Baadaye Ukristo ulipoenea, watu wakaacha kuzikwa na vitu, na wataalamu wakabaki kuchungulia michoro ya vitabuni.

Kwenye zana za vita ndiko kwenye kuzugana. Kila mgeni anataka helmeti kama ile ya Sutton Hoo, iliyofukuliwa mwaka 1939 ikiwa mamia ya vipande. Lakini helmeti za watu wale zilizopatikana mpaka leo ni za kuhesabu, na ile ilikuwa ya mkubwa, pengine mfalme. Mtu wa kawaida alikuwa na mkuki, ngao ya mbao yenye kitovu cha chuma, na kisu. Upanga nao wa wenye nacho. Nikapewa mkuki, sikulalamika.

Ndipo mzee mmoja wa kikundi, bila hasira, tena huku akinimiminia chai, akasema: "Kijana, kanzu yako safi sana. Ila kwa ajili ya usahihi, labda ungekaa kule kwenye hema la wapishi." Usahihi! Neno lile lile nililolishonea wiki tatu.

Sikugombana. Nilikwenda maktaba. Nikamkuta Hadrian, Mwafrika kwa asili, ambaye Bede anamtaja. Alifika Canterbury yapata 670, akawa abate na mwalimu mkubwa. Sawa, lakini yeye alikuwa mtu wa kanisa, atasema hakushika mkuki. Kilichonikamata mimi ni mikoba.

Wanawake wa karne ya 5 na 6 walining'iniza kiunoni mkoba ambao mdomo wake ulishikwa na pete kubwa ya pembe ya ndovu. Huko Scremby, Lincolnshire, makaburi yametoa pete za namna hiyo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha ni za ndovu wa Afrika. Kemia ya pembe zenyewe ikaelekeza kwenye udongo wa volkano wa Bonde la Ufa. Bonde la Ufa, ndugu yangu! Ndovu kala majani huku kwetu, pembe yake ikapita mikono na mikono, ikaja kutua kiunoni mwa mama wa Lincolnshire. Halafu mimi niambiwe nikakae jikoni.

Nilimpelekea mzee makala ile. Aliisoma taratibu, miwani puani (miwani ambayo, kwa ajili ya usahihi, haikuwepo). Akakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama naweza kuchonga pete hiyo kwa mfupa wa ng'ombe, maana sheria ya 2018 imebana biashara ya pembe za ndovu. Nikamwambia mfupa hautatosha upana; pete ile hukatwa pale pembe ilipo nene. Bado tunatafuta kitu cha kufanana nayo.

Mkuki wangu uko mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto.