Motokaa Kuukuu Katika Njia ya Eldoret

Msafiri atokaye Limuru kwenda Bonde la Ufa ana njia mbili za kuchagua. Njia ya juu hupita Kimende na Kinungi, na ya chini huteremka ukingoni mwa bonde mpaka Mai Mahiu. Njia hii ya chini ilijengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kanisa walilolijenga mwaka 1942 lingali limesimama kando yake, dogo mno hata malori yapitayo huonekana kulizidi kwa ukubwa. Upande mmoja ni jabali, upande mwingine ni bonde lililo wazi, na mbele kabisa mlima Longonot umekaa peke yake, wenye kimo cha mita 2,776 na kinywa kilichomomonyoka.

Asubuhi moja ya mwezi wa Januari, Peugeot 504 ya rangi ya maziwa iliyofifia ilikuwa ikiteremka hapo kabla jua halijachomoza. Ndani yake mlikuwamo mwalimu mmoja mstaafu, mjukuu wake wa kike wa miaka 14, sanduku la bati, godoro lililofungwa kwa kamba, na ndoo mpya iliyoandikwa jina la msichana. Barua ya shule ya bweni, iliyoko upande huu wa Eldoret, ilisema kwamba wanafunzi wapya sharti wafike kabla ya saa kumi alasiri. Safari ni ya kilomita zipatazo 280.

Watu wa makamo nchini Kenya hawahitaji kuelezwa habari za Peugeot 504. Ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1975 Ove Andersson alishinda mbio za Safari akiendesha gari la aina hiyo. Kwa miaka mingi zile za mwili mrefu zilibeba abiria kati ya Nairobi na miji ya mbali, zikipitana kwa mwendo uliowafanya akina mama wafumbe macho. Gari la mwalimu halikuwa la namna hiyo. Lilikuwa gari la nyumbani, lililotunzwa vema, nalo lilikuwa limempeleka kazini kwa miaka mingi bila kumtia aibu.

Lakini kwa muda wa miezi mitatu lilikuwa na ugonjwa. Lilikuwa likienda vizuri, kisha ghafula injini huzimika. Mwenyewe akisha kuliegesha kando ya njia na kuzungusha ufunguo, huwaka mara moja kana kwamba halikutokea neno. Ugonjwa wa namna hii huchosha akili kuliko gari lililokufa kabisa, maana lililokufa hubaki mahali pake mpaka fundi alipime. Lakini hili, kila lilipofikishwa gereji, lilinguruma kwa afya njema. Ni kama homa ya vipindi, mgonjwa afikapo kwa daktari mwili umekwisha kupoa.

Basi vitu vikabadilishwa kimoja baada ya kingine. Plagi mpya zilitiwa, kisha koili, kisha kondensa, kisha pampu ya petroli. Kila mara gari lilikaa siku mbili tatu bila kuzimika, mwalimu akashukuru, kisha likazimika tena. Mwisho aliambiwa kwamba injini yenyewe imechoka, hapana budi kununua nyingine. Bei iliyotajwa haikuweza kupatikana ila kwa kumwuza ng'ombe wake mmoja, aliyekuwa katika maziwa ya ndama wa tatu, ambaye ndiye aliyelipa sehemu kubwa ya karo. Mnunuzi alikuwa amekwisha kumwona, na wamepatana kwamba atakuja kumchukua siku ya Jumamosi.

Kuteremka mpaka Mai Mahiu hakukuwa na shida. Shida ilianza pale njia iliponyooka chini ya Longonot. Gari lilikuwa likienda taratibu, mguu wa mwalimu ukiwa umekaa nusu juu ya kanyagio la mafuta, mara likashtuka na kunyamaza. Nyuma yake lilikuwako lori lenye matela. Mwalimu alitoa gia, akaliacha gari liserereke kuelekea ukingoni, akakanyaga breki mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu kanyagio likawa gumu kama jiwe. Ndivyo ilivyo kwa magari ambayo breki zake husaidiwa na mvuto wa injini. Injini ikifa, msaada uliobaki hutosha kwa mikanyago michache tu. Lori lilipita kwa honi ndefu, na upepo wake ukalitikisa gari zima. Msichana hakusema neno. Baadaye kidogo alifungua daftari mpya, ya kwanza katika zile zilizonunuliwa kwa ajili ya shule, akaandika mahali walipozimikiwa.

Kabla ya Naivasha liliwazimikia mara mbili tena. Kutoka hapo njia hupanda na kushuka kuelekea Gilgil, mbuga zikiwa zimekauka kwa jua la Januari, punda milia wakilisha karibu na barabara bila kujali honi. Kwenye miinuko gari lilivuta vizuri sana, hata likayapita malori mawili. Lilizimika tena mara ya nne walipofika tambarare. Mara ya tano ilikuwa baada ya Kariandusi, pale ambapo Ziwa Elementaita huonekana upande wa kushoto, maji yake ya magadi yaking'aa na heroe wamejipanga ukingoni kama mshono wa waridi. Ni mahali ambapo wasafiri wengine husimama kwa kupenda.

Wakati wakingoja hapo, msichana alisoma alichoandika, kisha akauliza, "Guka, mbona halizimiki tukipanda?"

Mwalimu alianza kumjibu kwamba ni habari ya joto, kisha akanyamaza. Alikuwa amefundisha hesabu kwa zaidi ya miaka 30, naye alijua swali lililoulizwa vizuri. Kama injini ilikuwa imechoka, ingechoka mlimani, ambako kazi ni kubwa. Injini iliyochoka hailali uwandani na kuamka penye mwinuko. Na kama ni joto, mbona huwaka papo hapo, bila kupumzika hata dakika moja? Koili iliyoharibiwa na joto hukataa mpaka ipoe.

Walifika Nakuru saa tano. Nje kidogo ya mji, chini ya mti, alikuwako fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa akitengeneza pikipiki. Fundi huyu hakufungua boneti mara moja, jambo lililompendeza mwalimu, maana wote waliotangulia walianza kwa bisibisi.

"Mzee, likizimika," aliuliza, "hukohoa kwanza na kupungua nguvu, au hukatika kama taa?"

"Hukatika kama taa."

"Basi tuiache petroli kwanza."

Maana yake ni rahisi. Petroli ikikosekana, iwe ni kwa uchafu katika tangi, au kifuniko kisichopitisha hewa, au petroli iliyogeuka mvuke katika mfereji wake kwa joto, kabureta hubaki na akiba ndogo. Gari hukohoa, hudhoofika, ndipo hufa. Umeme hauna akiba. Ukikatika, cheche hukoma papo hapo.

Kisha msichana akamsomea daftari, mahali kwa mahali. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu jingine, "Na mguu wako, mzee, ulikuwa wapi?" Mwalimu alifikiri kitambo, akajibu kwamba kila mara ulikuwa katikati, si chini kabisa wala si juu.

Hapo ndipo fundi alipofungua boneti. Aliwasha injini ikanguruma vema. Akauchomoa kwenye kabureta mpira mwembamba uendao kwenye distributa, akautia mdomoni, akavuta pumzi. Injini ikazimika. Aliiwasha tena, akavuta tena, ikazimika tena. Mwalimu, ambaye kwa miezi mitatu hakuweza kumwonyesha mtu yeyote ugonjwa ule gari likiwa limesimama, alimwomba afanye mara ya tatu ili ahakikishe kwa macho yake.

Katika magari ya zamani cheche haitoki kwa wakati ule ule daima. Injini ikiwa na mzigo mwepesi, yafaa cheche iwahi kidogo ili petroli ipate nafasi ya kuungua yote. Kazi hii hufanywa na kopo dogo la bati lililoshikamana na distributa, ambalo ndani yake mna utando wa mpira. Dereva akilegeza mguu nusu, mvuto wa hewa kutoka kabureta hupita katika ule mpira mwembamba, utando huvutika, nao kwa kijiti chake huvuta bamba linalobeba pointi. Akikanyaga mpaka chini penye mlima, mvuto huisha na bamba hurudi mahali pake. Vivyo hivyo gari likisimama. Bamba huenda na kurudi maisha yote ya gari, na waya mfupi uliofungwa kwenye pointi hukunjwa na kukunjuliwa pale pale kila mara.

Fundi alikiondoa kifuniko cha distributa. Waya ule ulionekana mzima kabisa, ganda lake halina hata ufa. Alizungusha injini kwa mkono mpaka pointi zikafungana, akafungua ufunguo bila kuwasha, akaunga balbu ndogo kati ya koili, upande wa waya uendao kwenye distributa, na chuma cha gari. Balbu haikuwaka, kama ipasavyo, maana umeme ulikuwa na njia yake kupitia pointi. Akavuta pumzi kwenye mpira. Bamba lilisogea upana wa punje chache za mtama, na balbu ikawaka hafifu. Njia ilikuwa imekatika. Alipoachia, ikazimika. Ndani ya ganda nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote, na ncha zake ziligusana pale tu bamba lilipolala mahali pake.

Ikafahamika sasa kwa nini gari lilivuta mlimani, kwa nini lilikufa uwandani, na kwa nini gereji halikuugua hata siku moja. Kusimama kwenyewe kulikuwa dawa yake ya muda. Wale mafundi waliotangulia hawakuwa wajinga, ila walimpima mgonjwa akiwa amelala.

Fundi alikata kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi kutoka distributa kuukuu, akakilehemu, akakiachia ulegevu kidogo kisivutwe, akasafisha pointi na kupima nafasi yake. Kazi ilikwisha kabla ya saa saba. Malipo aliyotaja yalikuwa madogo hata mwalimu akaongeza bila kuombwa. Msichana aliomba kipande cha waya mbovu, akakiweka kati ya kurasa za daftari.

Kutoka Nakuru njia hupanda kwa muda mrefu. Mashamba hugeuka kuwa ya majani mabichi, hewa hupoa, na malori ya masafa ya mbali hujipanga kama siafu kuelekea Salgaa na Migaa. Karibu na hapo, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana na watu zaidi ya 30 wakafariki. Hakuna dereva wa njia hii asiyekijua kituo hicho, na mwalimu alipita akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Gari lilivuta. Lakini mlima haukuwa ushahidi, kwa maana hata asubuhi lilikuwa likivuta mlimani.

Walipita Mau Summit, wakaivuka Ikweta, ambako mgeni hushangaa kuona watu wamevaa makoti mazito. Huko Timboroa reli, iliyofika Eldoret mwaka 1924, hupanda mpaka kimo cha mita zipatazo 2,780 juu ya bahari. Wanawake waliuza viazi, kabichi na karoti kando ya barabara, na ukungu mwepesi ulikuwa ukitoka msituni.

Baada ya hapo nchi huanza kushuka pole pole kuelekea Burnt Forest, na uwanda wa Uasin Gishu hufunguka, mashamba ya mahindi na ngano yakiwa yamekwisha kuvunwa, mabua yamebaki. Barabara ilinyooka. Mwalimu alilegeza mguu mpaka katikati, akauacha hapo. Msichana aliutazama mguu ule, kisha akaitazama barabara. Kilomita moja ikapita, kisha tano, kisha kumi na tano, na injini ikaendelea kwa sauti ile ile moja.

Walifika kwenye lango la shule saa kumi kasorobo. Mlinzi alisaidia kuteremsha sanduku na godoro, na mwalimu, kabla hata ya kuuliza ofisi iko wapi, alimpigia simu mnunuzi wa ng'ombe kumwomba radhi, asije Jumamosi.