Picha ya Ami

Katika nyumba yetu ya zamani karibu na Wete, juu ya mlango wa ukumbini, ilitundikwa picha moja ambayo nimeikuta tangu nina akili. Ni ya kijana wa miaka ishirini na kitu, amesimama wima mbele ya pazia la mpiga picha, amevaa kaptula ya kaki, soksi ndefu na kofia pana iliyokunjwa ubavu mmoja. Kijana huyo ni ami yangu, kaka yake baba. Nilipokuwa mtoto nikiuliza yuko wapi, nilijibiwa neno moja tu: "Kalowea."

Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa neno hilo. Kulowea ni kwenda ugenini ukakaa moja kwa moja, ukasahau kwenu. Ami alipanda jahazi kwenda Mombasa kutafuta kazi, akaingia jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaleta picha hiyo, basi. Babu alingoja miaka mingi, kisha akakata shauri kwamba mwanawe amepata mke huko na wazee hawana maana tena kwake. Alipowagawia watoto wake mikarafuu, ami hakutajwa. Na kwa kuwa hapana aliyejua kama yu hai au amekufa, hata katika khitma za nyumbani jina lake halikusomwa. Bibi alimlilia mpaka anakufa, lakini kwa siri.

Picha nikairithi mimi. Mwaka niliostaafu ualimu mkuu niliishusha, maana mchwa walikwisha kula fremu. Nyuma yake nikaona maandishi ya wino kwa hati za Kiarabu: Mombasa, Muharram 1363. Chini yake ipo namba, 301. Shangazi yangu aliniambia kuwa namba hiyo haikuwa ngeni kwa wazee. Babu alidhani ni hesabu ya pishi za karafuu. Baba akidhani ni deni la shilingi ambalo ami alitaka alipiwe.

Tangu nilipotoka chuo cha ualimu cha Nkrumah, Beit el Ras, nimewafundisha watoto wa watu tarehe za vita hivyo kwa miaka mingi. Nikiwatajia London, Berlin na Hiroshima. Picha ya mtu wetu aliyekuwamo ilikuwa juu ya mlango, na sikupata kuigeuza.

Nilianza na mwaka. Muharram ule wa 1363 uliingia siku za mwisho za Disemba 1943, ukamalizika mwishoni mwa Januari 1944. Kisha nikachukua kioo cha kukuzia nikaitazama kofia. Siku zote tukisema ami alikuwa keya, yaani askari wa miguu wa King's African Rifles. Lakini beji niliyoiona kwenye kofia ilikuwa na umbo la mzinga. Hapo ndipo 301 ilipoacha kuwa karafuu. Nilimwandikia mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Mombasa, mpenda vitabu vya vita, na baada ya wiki chache akaniletea kurasa alizozinakili.

Rejimenti ya 301 ilikuwa ya mizinga ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 Waingereza walikuwa wakiwavusha askari wa kwetu kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ili wakapigane na Wajapani huko Burma. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za kuchukua askari uliondoka Mombasa kuelekea Colombo. Rejimenti ya 301 iliwekwa katika meli iliyoitwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, na kati yao 996 walikuwa wa rejimenti hiyo. Wengine walikuwa mabaharia, wauguzi wa kike na abiria wa jeshi.

Siku ya saba, Jumamosi tarehe 12 Februari, baada ya chakula cha mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kuifikia ngazi. Manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, zililazimika kuisaka nyambizi na kuitupia mabomu majini huku watu wakiwa bado wanaelea. Nyambizi nayo ilizamishwa siku ile ile. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Waliopotea ni 1,297.

Nilizisoma kurasa hizo mara tatu, nikazikunja. Najua vizuri kwamba picha haisemi kuwa ami alipanda meli. Inasema tu kuwa, majuma machache kabla ya safari, alikuwa Mombasa, amevaa kofia yenye mzinga, akaandika namba ya kikosi chake ili watu wake wajue pa kumtafuta. Aliwaachia anwani, nao wakaisoma kama deni.

Nilikwenda kwa shangazi, aliyekuwa mdogo wao na wakati huo akikaribia umri wa miaka themanini. Nikamsimulia polepole. Akanyamaza sana, kisha akauliza:

"Ilikuwa mwezi gani, mwanangu?"

"Februari, Shangazi."

"Kaskazi," akasema. "Mama kila kaskazi akishuka bandarini kutazama majahazi yanayoingia. Akimwambia baba anakwenda kununua papa."

Ijumaa iliyofuata tulisoma khitma. Tumefundishwa kuwa aliyekufa maji ana daraja ya shahidi, na shangazi alitaka hilo lisemwe kwa sauti mbele ya watu, mahali pale pale aliposemwa kuwa amelowea. Jina lake lilisomwa baada ya la babu. Kama alikuwa miongoni mwa wale 208, akaishi mahali akazeeka, basi atatusamehe, dua haipotei.

Picha nimeitilia fremu mpya yenye vioo pande mbili. Wajukuu wakija huigeuza wenyewe na kuniuliza 301 ni nini.