Kaseti ya Gemu 9,999

Vijana wa Embu siku hizi hubishana kuhusu PlayStation na Xbox kama baba zao wanavyobishana kuhusu timu za Gor na Ingwe. Sisi wa miaka ya tisini hatukuwa na la kubishania. Mashine ilikuwa moja, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko, imeunganishwa na televisheni ya Greatwall isiyo na rangi.

Kaseti yake ilijigamba kuwa na gemu 9,999. Ukishuka kwenye orodha unakuta ni zilezile chache, Mario akirudi kwa jina jingine, Contra ikianzia hatua ya mbele. Ikigoma, unaichomoa, unapuliza vile vijino vya shaba, unairudisha kwa kofi dogo. Baadaye Nintendo waliwaonya watu waache kupuliza: unyevu wa pumzi unakula shaba. Nani angetuambia Embu?

Wala mashine yenyewe haikuwa ya Nintendo. Ilikuwa mwigo wa Famicom, waliyoitoa Japani mwaka 1983 na viwanda vya Asia vikaiiga bila kubisha hodi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru ndiye aliyetuletea gemu.

Mwaka 1991, huko Chicago, Sony walitangaza mashine waliyokuwa wakiiunda na Nintendo. Kesho yake Nintendo wakatangaza ndoa na Philips. Aibu ile ilizaa PlayStation, iliyoingia madukani Japani Desemba 1994. Kwetu ugomvi huo ulifika ukiwa gemu ya soka, Winning Eleven, mechi kwa shilingi chache, aliyefungwa anampisha mwenzake. Mwaka 2000 ukame ukaleta mgao wa umeme. Mabwawa ya umeme ya Kamburu na Gitaru yako hapo chini kwenye mto Tana, nasi tuliopakana nayo tukakaa gizani na mechi haijaisha.

Kesi zao nazo tulizisikia zikiwa zimepoa. Immersion ya Marekani iliwashtaki Sony mwaka 2002 kwa hataza za padi inayotetemeka, na mwaka 2004 ikapewa dola milioni 82. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, padi yake haikutetemeka. Sony walisingizia vihisio vya mwendo, mimi sikuwaamini. Machi 2007 walipatana, na kabla mwaka haujaisha padi ya kutetemeka ikarudi. Mwaka huohuo Microsoft walitenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya Xbox 360 zilizokuwa zikizima kwa taa nyekundu tatu, wakaongeza warantii hadi miaka 3.

Warantii ni ya mwenye risiti. Mashine za vibandani zilikuja mtumba, na dhamana yetu ilikuwa fundi. Ikikataa kusoma diski, anafungua skrubu nne, anapangusa lenzi kwa pamba yenye spiriti, anakaza kijiskrubu cha pembeni kidogo tu, anasema, "Jaribu sasa, kijana." Mara nyingi ilikubali.

Tangu mwaka 2020 PlayStation 5 inauzwa hata bila mlango wa diski. Gemu unaipakua kwa bando. Kampuni bado zinashtakiana: Septemba 2024 Nintendo waliwapeleka kampuni ya Pocketpair mahakamani Tokyo kwa hataza, kisa gemu yao Palworld. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba diski iliyochubuka tuliazimana kutoka mtaa wa Majengo hadi mtaa wa Dallas, papo hapo Embu, tena ikauzwa mara tatu. Gemu ya kupakua huwezi kuiuza ukichoka nayo, hata kwa nusu bei.